Gunia Bichi Juu ya Mtambo wa Simu

Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati nikiwa nimeshika mkononi kadi ya mtambo wa simu, kile kibao chenye nyaya, na mlio wake ukanipenya hadi kwenye meno. Nilikuwa nimetoka Lodwar kuja Kakuma, kwenye ghala la unga, kwa kazi ndogo tu: simu kadhaa za ndani zilikuwa zimekufa, mojawapo ile ya geti la nyuma. Kisha uvumi ukaenea kwamba unga umefichwa, na watu wakaja.

Walikuwa mbele, wakilitikisa geti kubwa hadi bawaba zinalia. Mlinzi wa geti la nyuma, mzee mfugaji wa kutoka Lopur, alikuwa peke yake ndani ya kibanda cha mabati. Aliagizwa asiondoke pale mpaka ofisi impigie simu, na yule mzee akiagizwa, ameagizwa. Mtandao wa simu za mkononi ulikuwa umepotea tangu asubuhi. Kati yetu na yeye palikuwa na uwanja mtupu, na mawe yalikuwa yakiunyeshea.

"Banazunguka kwa nyuma," alisema mpokea simu, dada Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, jicho lake kwenye ufa wa dirisha. "Bengine beko na panga."

"Nipe dakika moja."

"Dakika nitoe wapi, fundi? Miye nauza dakika?"

Nikaihamisha kadi. Ndivyo tunavyoutafuta ugonjwa: unachomoa kadi unayoishuku, unaichomeka mahali pa kadi nzima. Ugonjwa ukihama nayo, mgonjwa ni kadi. Ukibaki, mgonjwa ni mtambo. Taa nyekundu ikawaka kule kule ilikohamia. Nikaichomoa tena, nikaigeuza. Mgongoni chumvi nyeupe ilikuwa imetambaa juu ya nyaya zake nyembamba, kama ile inayobaki ufukweni Longech maji yakirudi nyuma. Nikainua macho. Juu ya kabati la mtambo palikuwa na gunia, bichi, likidondosha tone baada ya tone.

"Nani ameliweka hili?"

"Miye. Mashine ilikuwa na moto sana. Mzee ananiletea maji ya kisima kila mchana, tunaipoza."

Maji ya kisima kile yana chumvi, hata chai hayakubali. Nililing'oa gunia, nikalitupa. Nilikuwa nikiisugua kadi kwa mswaki na spiriti dirisha lilipopasuka. Kioo kikanichana kwenye paji la uso, damu ikadondoka juu ya kadi. Nikaisugua hiyo pia.

Safari hii taa ikawa kijani. Dada akapiga. Tukasubiri, kichwa changu kimeegemea cha kwake, sikio langu upande wa pili wa mkono wa simu.

"Ejok," mzee akaitika kwa salamu ya kwao, kwa utulivu wa mtu anayemkaribisha mgeni.

"Mzee, toka," dada akamwambia. "Achana na geti. Pita kwa mtaro."

"Ni ofisi nasema?"

"Ni ofisi."

Hakurudisha simu mahali pake, kwa hiyo tukasikia kila kitu: mlango ukipigwa mateke, panga likichana bati, sauti za vijana, kiti kikivunjwa. Kibanda kilikufa masikioni mwetu, na hatukujua kama yumo ndani. Dada alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe.

Alikutwa mtaroni, hai. Panga lilimfikia akiruka, likaondoka na vidole viwili.

Nilimtembelea hospitalini Lodwar. Aliniuliza habari za dada, kisha habari za mtambo.

"Saa hii nani napeleka maji?"

"Hakuna, mzee. Mtambo hauhitaji tena."

Akaniangalia kwa hasira, mkono wenye bandeji umelala kifuani.

"Hiyo mashine ndio iliniita," alisema. "Na nyinyi mnaiacha kwa joto."