Kikombe cha Kijani Msumarini

Jumatatu, 9 Agosti 1976. Upepo umevuma tangu alfajiri. Vumbi limejaa kila mahali, na vipande vya pamba vilivyodondoka kwenye malori vinabingirika barabarani hadi mlangoni kwangu.

Sare tatu za shule zinangoja, na leo sijashona hata mfuko. Naandika habari za mzee mmoja mkulima na kikombe chake. Nimefika darasa la sita tu, na sina hakika kama naweza kuandika jambo linalonihusu bila kujipendelea. Nitajaribu.

Mkahawa wa kahawa uko ukuta kwa ukuta na chumba changu cha cherehani. Mwenyewe ni mzee Mwislamu aliyetokea Tabora zamani. Ana birika la shaba juu ya makaa, benchi mbili, kashata za karanga kwenye sinia, na vikombe vidogo visivyo na mkono, kumi na viwili nilipovihesabu mwisho. Hakuna mwenye kikombe chake. Unakunywa, unarudisha, anakisuuza kwenye ndoo, anammiminia aliye pembeni yako. Ndiyo desturi ya pale tangu nilipohamia Bariadi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwasomea gazeti, kila lilipofika.

Yule mkulima alikuja kila siku ya mnada, kwa miguu, kutoka kijiji kipya walikohamishiwa, njia ya Sapiwi. Alisema kijijini kuna majirani wengi na hakuna wa kuongea naye, kwa sababu wote aliozoeana nao walipelekwa kijiji kingine. Kwa hiyo alikuja kuongea nasi. Akifika alisalimia benchi nzima, "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama ni alasiri, na sisi tulimcheka kwamba jua la kwao linachelewa.

Alikuwa anakohoa. Mwaka jana kikohozi kilizidi, akawa anajishika ubavu. Sote tulisikia, lakini aliyemwendea mwenye kahawa na kumnong'oneza ni mimi. Nilisema, "Mzee, kikombe anachonywea huyu kingekaa mbali na vingine." Nina watoto wanne. Hilo ni kweli, na sidhani nilikosea kuogopa. Lakini nilinong'ona, na mkulima mwenyewe alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale.

Mwenye kahawa hakupenda kumdhalilisha mtu. Alinunua kikombe cha bati, cha kijani, chenye ua ubavuni, kikubwa kuliko vyote, akakitundika kwenye msumari. Mkulima alipopewa alifurahi sana.

"Leo mmenifanya chifu?"

"Machifu wamefutwa, wewe umetokea wapi?" akasema muuza nyama, mnywaji mwenzetu wa kila siku. Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha muuza nyama akaongeza, "Ila kikombe cha chifu hakiguswi na raia, eeh!" akajisogeza kidogo kwenye benchi. Kwa kusogea yeye, wote tukasogea.

Mkulima akakitazama kikombe. Akatazama ile nafasi kwenye benchi. Akanywa polepole mpaka kikaisha.

Hata hivyo aliendelea kuja. Alikaa mwisho wa benchi, na akikohoa aligeukia barabarani.

Mwezi wa tano mwaka huu, siku ya mnada, alifika mapema akiwa na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Alivaa shati ambalo nilimshonea mimi. Hakukaa.

"Fundi, wewe ndiye unatusomea gazeti. Nisomee na hii. Soma kwa sauti, wasikie wote. Mimi niko safi. Wamenipima hospitali."

Nikaifungua. Niliona muhuri, nikaona jina lake. Chini yake kulikuwa na mistari minne ya Kiingereza, mwandiko wa kukimbia, kama kuku amepita kwenye majivu. Nilitafuta neno moja ninalolijua, sikulipata.

"Muhuri ni wa hospitali kweli," nikasema. "Haya mengine sijayaelewa."

"Si wameandika niko safi?"

"Pengine, mzee wangu. Lakini siwezi kusema nisichokisoma."

"Msomi kashindwa!" akasema muuza nyama.

Mwingine akajibu, "Kashindwa wapi? Kaona, anaogopa kutamka."

Hapo ningeweza kusema, "Hapana, sikuona baya lolote." Lingekuwa kweli pia. Lakini nilikuwa napima kama kusema hivyo si kutoa ushahidi nisio nao, na nilipokuwa bado napima, yeye aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja kama ilivyokuwa, akairudisha kwenye mfuko. Mwenye kahawa alinyoosha mkono kwenye vikombe vidogo, ukasita, ukaenda msumarini.

"Wabeja, mzee mwenzangu," mkulima akashukuru. "Leo sinywi."

Akaondoka. Hospitali si mbali na hapa. Ningeweza kumwambia twende wote, tukamuulize aliyeandika. Wazo hilo lilinijia nikiwa nimeshakaa kwenye cherehani na uzi umeshapita kwenye sindano. Nilitoka nikachungulia barabarani, sikumwona, nikarudi kushona. Mnada uliofuata hakuja, wala uliofuata huo.

Leo asubuhi mganga msaidizi wa hospitali alikuja kunywa kahawa. Nikamuuliza habari za yule mzee wa kikohozi.

"Tulipima makohozi yake mara tatu," akasema. "Hakuwa na kifua kikuu. Alifanya kazi ya kuchambua pamba miaka mingi, kule Malampaka, na vumbi lile lilimwingia kifuani. Mwenyewe aliniomba cheti, awaonyeshe watu anaokunywa nao kahawa. Nikaandika kwa Kiingereza, kama tulivyozoea. Hakuwaonyesha?"

Nikamwambia alituonyesha.

"Basi vizuri," akasema. "Maana amefariki, wiki mbili sasa. Mwanawe alikuja kutuambia. Anasema baba yake hakutaka tena kutoka nyumbani."

Muuza nyama alikuwepo. Alivua kofia na hakufanya mzaha, hilo lazima niliandike. Kosa la kusogea kwenye benchi ni letu sote. La karatasi ni langu, na sijui kama kwenda naye hospitali kungebadilisha siku ya kufa kwake. Kungebadilisha mahali pake pa kukaa kwenye benchi.

Mganga alipoondoka nilimwomba mwenye kahawa animiminie kwenye kikombe cha kijani. Akatikisa kichwa.

"Hicho kina mwenyewe, Fundi."

Akanipa kikombe kidogo, kilichotoka kinywani mwa muuza nyama na kusuuzwa kwenye ndoo. Nikanywa.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini nimekaa kando na chakula kiko tayari. Mtoto wa mwisho alikuwa akikohoa kwa moshi wa kuni, na wenzake walikuwa wamebanana naye magoti kwa magoti. Nikasogea karibu nao. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga, sote kwenye sahani moja.