Damu ya Shemasi Pennock

Katika mji wa Northfold, jimbo la Massachusetts, mtu akitaka kujua babu wa babu yake alikuwa nani, hamuulizi mama yake. Humwendea Lurana Pennock. Hata zamani, alipokuwa mpishi wa shule, watoto walipanga foleni na sahani zao naye akawa anawatajia koo zao: "Wewe una pua ya akina Whitcher, chukua maharage usogee. Na wewe, ubishi huo ni wa bibi yako mzaa baba." Alipostaafu, kazi ikawa hiyo tu: makaburi, vitabu vya kanisa, na barua pepe za watu wa Ohio na Oregon waliotaka kuambiwa kwamba wametokana na watu wa maana. Hakuolewa. Wapo waliosema aliwapenda wafu kuliko wachumba, na hawakukosea sana.

Ukoo wake mwenyewe hakuhitaji kuutafuta. Pennock wa kwanza, Shemasi Hopestill, alikuwa mmoja wa Wapuritani walioanzisha mji ule, watu waliosali kutwa nzima katika kanisa lisilo na moto na kumtoza faini aliyecheka Jumapili. Waliokuwa wakiishi hapo kabla yao hawakuulizwa neno, lakini hilo halisemwi sana Northfold. Linalosemwa ni kwamba akina Pennock hawajawahi kuondoka na hawajawahi kusema uongo. Lurana alilelewa kwa maneno hayo mawili, akayaamini yote.

Aliishi na kaka yake Elbridge, mgane, mzee aliyekuwa na maradhi ya kutetemeka. Mikono ilikuwa imekwisha kumwasi, miguu ikifuata. Kitu kimoja tu kilimfanya Elbridge anyooshe shingo siku hizo, nacho ni mkutano wa mji wa kila Machi, ambapo wakazi huyapigia kura mambo ya mji wao. Kwa desturi ya Northfold, jambo linalohusu ardhi likiletwa mkutanoni, wa kwanza kuulizwa ni Pennock mkubwa kwa umri. Si sheria, wala hakuna aliyeiandika popote. Baba yao aliulizwa, na babu yao aliulizwa, na zamu ya Elbridge ilikuwa bado haijaisha.

Kila asubuhi alikuja Darlene Grindle kumwogesha na kumvisha. Darlene alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Haya mzee, mguu. Sasa huo mwingine. Au Shemasi alikuwa na mguu mmoja?"

"Shemasi angekutoza faini kwa mdomo huo."

"Angeanza na wewe. Soksi hizi zinanuka mpaka posta."

Elbridge alicheka mpaka akakohoa. Alimpenda Darlene, na aliwadharau akina Grindle, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagongana. Akina Grindle waliishi kwenye nyumba nane za trela katika machimbo ya zamani ya kokoto, ardhi ya mji, kwa ruhusa ya mdomo waliyopewa babu zao. Watu waliwaita wezi wa kuni na wazaaji ovyo. Mwaka huo palikuwa na hoja mkutanoni: trela ziondolewe, pale mahali paachwe paote msitu wa watu kutembelea.

Sasa, kuhusu DNA. Pennock mmoja wa Ohio, mtu mjuaji kupita kiasi, alimwandikia Lurana kwamba yeye na binamu zake wamepima DNA ya kiumeni, ile inayopita kutoka baba hadi mwana bila kukatika, na kwamba ingefaa watu wa Northfold nao wapime, tuone. Ile "tuone" ilimchoma Lurana. Akamfanya Elbridge ateme mate kwenye kichupa, akakituma akiwa na uhakika wa majibu kama alivyo na uhakika wa jina lake.

Majibu yalikuja Februari. Kipimo kile hukupa majina ya watu wote waliopima wenye damu moja nawe. Hapakuwa na Pennock hata mmoja. Watu wa Ohio, waliotoka kwa mtoto mwingine wa Shemasi, walifanana wao kwa wao na hawakufanana na Elbridge hata kidogo. Waliofanana na Elbridge walikuwa akina Grindle watupu: Grindle wa Maine, Grindle wa Kanada, Grindle mmoja mwenye karakana ya magari huko Vermont.

Lurana alikaa mbele ya kompyuta mpaka chai ikapoa. Mtu mwingine angesema maabara imechanganya vichupa. Yeye hakuweza kujidanganya hivyo, kwa sababu alizijua desturi za watu wale wa zamani kuliko alivyoyajua mapishi yake. Wapuritani walikuwa na mtindo wa kuwatoa watoto wao wakalelewe nyumba nyingine, wafanye kazi na kufunzwa adabu, wasije wakadekezwa na mama zao. Tena walikuwa na mtindo wa kuwafukuza maskini mjini kabla hawajawa mzigo kwa wengine. Mjane mmoja wa Grindle alifukuzwa hivyo kipindi cha baridi, akabakiza mvulana wake wa mwisho nyumbani kwa Shemasi. Lurana alikuwa amekisoma kisa hicho mara nyingi na kukipita, maana Grindle hawakuwa watu wa kumpotezea mtu muda. Na watoto wote waliokula mezani kwa Shemasi alikuwa amewahesabu kuwa wa Shemasi. Wana wa Shemasi wenyewe walikwenda magharibi au walikufa. Yule wa kulelewa ndiye aliyebaki, akalima shamba, akaitwa Pennock. Lurana alikuwa amekosea kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, akaufundisha mji mzima kosa hilo.

Aliona aibu, na nyuma ya aibu alisikia hofu. Mkutano ulikuwa unakaribia.

Alimwambia kaka yake Jumamosi moja jioni, walipokuwa wakila maharage ya kuoka na mkate mweusi. Elbridge aliweka kijiko chini.

"Hao wanaopima mate wana wazimu."

"Hawana wazimu, Elbridge. Nimepitia kila kitu. Sisi ni Grindle."

Mkono wa mzee ulitetemeka juu ya meza, akaushika kwa ule mwingine, na ule mwingine nao ukatetemeka.

"Kama mimi si Pennock," alisema, "nimekuwa nani miaka yote hii?"

Lurana alikisogeza kijiko karibu na mkono wake. Alitaka kulia.

"Usimwambie mtu," Elbridge alisema. "Nakuomba. Sina muda mrefu. Niache niondoke na jina langu."

"Na wale wa kokoto? Wakikuuliza mkutanoni?"

"Sitasema kitu juu yao. Nitakaa kimya, nawe ukae kimya. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Ndivyo walivyofunga mkataba wao. Lurana alijiambia kwamba Pennock akikaa kimya, watu watashangaa, watasita, na hoja itaanguka yenyewe. Alijipumbaza kwa wazo hilo mpaka siku ya mkutano. Kompyuta hakuigusa tena.

Walikutana katika ukumbi wa michezo wa shule, viatu vyote vina tope la Machi. Darlene aliwapeleka kwa gari, kisha akaketi upande wa kulia wa Elbridge, Lurana kushoto. Kaka yake Darlene, Wade, alikuwa kiti cha nyuma na kofia magotini. Ilipofika hoja ya machimbo, mwenyekiti, bwana Dowd muuza matrekta, alivua miwani.

"Kabla ya yote," alisema, "tumsikie mzee Pennock."

Ukumbi mzima uligeuka. Elbridge aliangalia nyuso zile alizozijua tangu zikiwa za watoto, zote zinamngoja yeye. Lurana alimshika mkono wa koti. Lakini mzee alikuwa amekwisha anza kuinuka, na Darlene, kwa mazoea tu, alimtia mkono chini ya kwapa akamsimamisha.

"Watu wangu walilifyeka eneo hili kwa shoka," Elbridge alisema. Sauti ilitoka nzima, kama ya zamani. "Mji ni wa waliokaa, si wa waliopita. Wengine waliambiwa waondoke, wakarudi kwa mlango wa nyuma. Machimbo yarudi kwa mji. Nimemaliza."

Watu walipiga makofi. Muda wote huo Darlene alikuwa amemshikilia asianguke, macho yake yakiwa kwenye wavu wa mpira wa kikapu. Akamkalisha taratibu na kumweka sawa kola.

Lurana alimtazama kaka yake akitafuta ubaya usoni pake, na hakuuona. Aliona mtu aliyeitwa kwa jina lake akaitika. Lakini mkataba ulikuwa umevunjwa, na yeye alikuwa huru. Alishika kiti cha mbele yake, akainuka nusu.

"Bi Lurana?" Dowd alisema. "Una neno?"

Neno alikuwa nalo. Sentensi moja ingetosha, na pale hapakuwa na mtu wa kuibishia, kwa kuwa nusu yao yeye ndiye aliyewapa mababu zao. Aliwaona wanavyomtazama kwa heshima. Aliona mkono wa Elbridge unavyoruka juu ya goti.

"Hapana," alisema. "Nanyoosha mgongo tu."

Watu wakacheka. Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa, hoja ikapita. Akina Grindle wakapewa mpaka mwisho wa majira ya joto wawe wameondoka. Lurana hakuinua mkono upande wowote.

Walirudi nyumbani. Darlene alimwingiza mzee ndani, akamvua viatu, akamnywesha dawa, akamfunika. Kisha alikuja jikoni kuchukua koti lake.

"Wade alipima Krismasi," alisema huku akihangaika na zipu. "Zawadi ya mkewe. Majibu yametoka wiki iliyopita. Jina la kwanza kabisa ni la huyo aliyelala humo ndani."

Lurana alishika ukingo wa sinki. Miaka yote amewaambia watu kwamba kipimo kile hutazama pande mbili, ukimwona jamaa yako naye anakuona. Zamu yake ilipofika akasahau.

"Mbona hukusema pale?"

"Wade alitaka kusema. Nikamwambia kaa chini, tutamwaibisha mzee mbele ya mji mzima. Dada yake yupo, nikamwambia. Mambo haya anayajua yeye, atayasema vizuri, atamsitiri." Zipu ilikubali. "Ulipoinuka nilimgeukia Wade, nikamwambia, si unaona, anasimama."

Lurana alichukua kitambaa, akafuta sinki iliyokuwa kavu. Hajawahi kuona haya namna ile maishani mwake, na hapakuwa na pa kuipeleka.

"Kesho nakuja saa ile ile," Darlene alisema. "Usimpe kahawa kabla sijafika."