Dawa ya Magoti

Mama yangu ametumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, kwa miaka mingi, na ilimtuliza. Alilima karanga zake kwetu Itetemia na kugombana na majirani kama mtu mwingine yeyote. Kisha magoti yakaanza kumsumbua. Kaka yangu akamnunulia diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye duka la dawa bila kuniambia, ingawa alijua dawa za mama nazisimamia mimi.

Baada ya wiki mbili mikono ya mama ilitetemeka hadi uji ukammwagikia kifuani. Alipepesuka akienda chooni, na ulimi ukawa mzito.

"Uzee huo," kaka alisema. "Au ule wazimu wake umerudi. Mwache alale."

"Umempa nini?"

"Kwani wewe daktari?"

Nilipekua chini ya mto wa mama nikaikuta pakiti. Nikampakia kwenye bajaji huku kaka akinifokea mbele ya majirani kwamba namdhalilisha yeye.

Hospitalini daktari aliitazama ile pakiti, akakunja uso. Alinieleza kwamba dawa ile ya maumivu huzuia figo kutoa lithiamu, na figo za mzee tayari zimechoka. Kipimo cha damu kilionyesha lithiamu imezidi mno.

Mama alilazwa siku sita. Daktari akaisimamisha dawa ya magoti na kumpunguzia dozi ya lithiamu, na sasa damu yake hupimwa mara kwa mara.

Kaka alikuja wodini na machungwa. "Shikamoo, mama," alisema, na mama akaitikia marahaba. Mimi niligeukia ukutani. Mpaka leo sijamsalimia.