Mzee Karatasi na Mwandishi Wake

Mtaa mzima ulimwita Mzee Karatasi, na jina hilo alilibeba kifua mbele, utadhani ni nishani. Zamani za utawala ule wa mkono wa chuma alikuwa askari jela. Cheo chake kilikuwa cha chini kabisa, kazi yake kufungua mlango na kufunga mlango, na alistaafu bila kupandishwa hata ngazi moja. Lakini ungemsikia anavyosimulia, ungedhani jela yenyewe ilijengwa ili yeye apate mahali pa kuonyesha utu wake.

Hadithi yake ilikuwa hiyo hiyo kila siku. Alifungwa mwandishi mmoja, mtu mwenye ulimi mchafu na kalamu chafu zaidi, aliyetoa kitabu kuhusu wakubwa wa nchi na vitanda visivyo vyao. Watu walikisoma wakijificha chooni. Kitabu kikapigwa marufuku, mwenyewe akatupwa seli ya peke yake, na amri ikatoka kwamba asipewe kalamu wala karatasi. Sasa nani aliyempenyezea karatasi chini ya mlango? Nani tena, kama si huyu muungwana wetu! Mwandishi alikuwa ameshakufa, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kubisha.

Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mtu alilijua. Mwandishi huyo, kila aliponaswa ameandika, alilishwa maandishi yake mwenyewe, kwa mkono wa askari. Watu walipomkumbusha hilo, Mzee Karatasi alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Yule alikuwa mwenzangu mmoja mrefu, katili sana, sasa ni marehemu. Mimi nilikuwa nageukia ukutani nalia." Marehemu mrefu naye hakubisha.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa binti yake, msusi. Alikuwa na saluni katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na baba yake alishinda kwenye benchi la mlangoni, akiwahubiria wateja wakiwa wamefungwa na vichana na hawana pa kukimbilia. Mama yake aliondoka nyumba ile msusi akiwa bado anasoma shule ya msingi, na tangu hapo mtoto alikuwa upande wa baba, mzima mzima. Mwanamke gani anamkimbia mtu mwema namna hii? Siku ya harusi yake alimweka mama yake safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, na baba akakaa mbele na suti mpya. Ndoa ile haikudumu. Alirudi kwa baba, na kwa mama yake hakukanyaga tena.

Basi ikatokea kwamba watu wa filamu wakaja mjini kupiga picha ya maisha ya mwandishi yule. Mwigizaji wa kike aliyeigiza kama mke wake akaja saluni kutengenezwa nywele za kizamani. Msusi hakuweza kujizuia. "Unamwona huyo pale benchini? Huyo ndiye aliyekuwa akimpelekea karatasi!" Kesho yake mwongozaji wa filamu akaja mwenyewe, jamaa wa miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya chumba. Akamzunguka mzee akimkagua kama mtu anayetaka kununua kabati. "Mzee, utaigiza nafasi yako mwenyewe. Askari mwema. Uso huu siwezi kuupata kwingine."

Askari mwema! Kichwa cha mzee kikavimba mpaka kofia ya sare waliyompa ikambana. Nyumbani alilala nayo pembeni ya mto. Siku ya kupiga picha msusi alifunga saluni, akabeba chupa ya chai, wakaenda.

Seli ilikuwa ndani ya ghala la zamani la magunia, imeundwa kwa mbao zilizopakwa rangi ya saruji. Mzee aliigonga kwa kidole akacheka. "Hii hata kuku anatoroka." Mwigizaji aliyeigiza mwandishi alikuwa mtu aliyenona, mashavu yanang'aa, wakawa wanampaka majivu ili aonekane na njaa. Naye mzee, aliyetakiwa kusimama mlangoni na kulia, machozi hayakumjia ng'o. Ilibidi wamtie matone machoni. Msusi alikuwa amekaa nyuma ya kamera kwenye kiti cha plastiki, moyo umemjaa, akiona jinsi baba yake anavyoteswa na kumbukumbu.

Wakaanza. Mwigizaji mmoja mrefu, ndiye askari katili, akachana godoro, akatoa karatasi, akamshindilia mwandishi mdomoni. Mwandishi akakohoa, akatema. Mwongozaji akapiga kelele, "Kata! Rudieni." Wakarudia. Mwandishi akapaliwa, macho yakamtoka, wakampa maji. Wakarudia tena, na yule mrefu akazidi kusukuma kwa nguvu, hovyo hovyo, karatasi inachanika na kudondoka chini. Kule mlangoni Mzee Karatasi alikuwa ameshaanza kuguna. Mara uzalendo ukamshinda.

"Sivyo! Sivyo, bwana! Utamuua mtu! Hebu toka hapo."

Akamsukuma mrefu pembeni. Palikuwa na kikombe cha bati chenye maji, kimewekwa pale kwa urembo tu. Mzee akachovya karatasi, akaikamua kidogo, akaifinyanga tonge dogo la duara. Yote hayo aliyafanya kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshafika usoni kwa mwandishi, dole gumba limekandamiza pale taya inapokunjika, vidole viwili vimebana pua. Mdomo ukafunguka wenyewe. Tonge likaingia.

"Kavu inamkaba," alisema, kwa sauti ya fundi anayemwelekeza mwanafunzi mzito. "Ukiilowesha, inateleza. Halafu unangoja. Unaona koo? Likipanda na kushuka, ndipo unatia nyingine. Taratibu tu. Haraka ya nini?"

Mwigizaji aliyenona alikuwa ameimeza kweli. Alimtazama mzee kwa macho ya mtu aliyesahau kabisa kwamba pale ni ghala. Aliyeshika taa akaangalia viatu vyake. Yule mwanamke aliyesukwa nywele za kizamani aliziba mdomo kwa kiganja. Mwongozaji ndiye aliyepiga kelele, mtu ambaye angempiga picha mama yake mzazi akizama.

"Mzee! Hapo hapo! Unaweza kurudia vile vile?"

"Naweza."

Na akarudia, loo, mtu huyu! Kwanza alimtafuta binti yake kwa macho, ahakikishe anatazama, akamkonyeza, ndipo akachovya karatasi nyingine. Msusi alikuwa ameikumbatia chupa ya chai mpaka kifuniko kikamwumiza kifuani.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mzee alikuwa amekataa kurudisha sare stoo, amebaki na kofia yake kichwani, na watu njiani walimsalimia kwa heshima.

"Umeniona lakini?" aliuliza. "Wale vijana hawajui kitu."

"Baba, ya maji uliyajuaje?"

"Si kazi yangu hiyo, mwanangu?"

"Ulisema ni yule mrefu."

"Mrefu alikuwa anawalisha kavu! Mnyama yule. Mimi sikuwa na roho hiyo." Alisimama kabisa barabarani ili aeleweke vizuri. "Mimi nilikuwa nalowesha."

"Kwa hiyo ulimlisha."

"Nililowesha, nakwambia! Muulize yeyote." Akakumbuka kwamba hakuna wa kuulizwa, akafurahi, akaendelea kutembea. "Na karatasi nilimpa kweli. Moja moja. Asingekuwa na karatasi, wakubwa wangesema sijakamata kitu, kazi ingeota mbawa."

Msusi alisikia aibu ikimpanda kama homa. Hakumwonea aibu baba tu, alijionea mwenyewe, mtu mzima na akili zake, aliyekaa miaka yote akimpigia makofi takataka huyu. Alimfikisha mpaka mlangoni, akampa chupa ya chai, akageuka.

Mama yake alikuwa akikaa ng'ambo ya reli, kwenye chumba kimoja, akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Alimkuta uani anakamua shuka.

"Leo umepotea njia?" mama aliuliza bila kuacha kukamua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja..." Akasogea karibu na beseni. "Nimekuja tupange siku nikusuke."

Mama akalishusha shuka ndani ya beseni. Alimtazama bintiye usoni. "Amekwambia kuhusu maji."

"Nimemwona akifanya."

"Mimi aliniambia wiki ya kwanza ya ndoa, huku anacheka. Alitaka nimsifu kwa huruma yake. Nikakaa nikidhani nitazoea."

"Mbona mimi hukuniambia, mama?"

"Nilianza kukwambia siku ya harusi yako. Ukaniambia nisikuharibie sherehe."

Hapo msusi alilia, kilio cha kweli kisichohitaji matone. Mama yake hakumbembeleza. Alimpa upande wa pili wa shuka, wakalikamua pamoja.

Asubuhi yake saluni ilijaa, maana habari za filamu zilikuwa zimeenea. Kwenye kiti cha kusukwa alikaa mwanamke mmoja, taulo mabegani, kichwa kimeinamishwa, nusu imesukwa na nusu bado. Mzee Karatasi alitokea chumba cha ndani akiwa na kofia yake ya jela, akaketi benchini, akakohoa kidogo kama anayefungua mkutano.

"Jana nimewafundisha kazi watu wa filamu," alianza. "Wale hawajui utu. Nikawaambia, mimi mwandishi yule nilimhurumia. Nilikuwa nainama hivi, nachukua karatasi, taratibu..."

"Unailowesha kwanza?"

Sauti ilitoka chini ya kichana. Mkono wa mzee ukabaki hewani. Sauti ile aliijua. Mama yake msusi akainua kichwa chake kilichosukwa nusu, akamtazama kupitia kioo, wala hakugeuka.

"Kulowesha nini tena?" mteja mmoja aliuliza. Wote wakamgeukia mzee. Mzee akamgeukia binti yake, ambaye siku zote ndiye aliyemjibia, ndiye aliyemtilia chumvi pale alipoishiwa.

Msusi alikuwa anagawa nywele za mama yake kwa ncha ya kichana, mstari umenyooka.

"Si unaulizwa, baba? Jibu."

Mzee Karatasi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe mlangoni, hakikutoka kitu.