Shingo ya Nyamvula

Kanze wa Nzai alikuwa jirani yangu kule Junda, ua kwa ua, na kama kuna mtu niliyemwona akimdekeza mtoto kupita kiasi, ni yeye. Binti yake Nyamvula alikuwa ameshang'oa meno ya utoto na mapya yameota, lakini hakuwahi kuonekana na chombo cha maji kichwani. Wenzake wakipita kwenda kisimani, yeye amekaa mkekani anasukwa nywele. Wanawake wakasema Kanze analea bibi harusi. Mimi sikucheka, maana sababu niliijua.

Kanze aliachwa wakati wa vita vya Hitla. Mumewe, Kitsao, alipata kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe, akapata na mke wa pili hukohuko, Jumwa, kisha akatuma salamu kwamba nyumba mbili zimemshinda. Salamu tu, mwenyewe hata hakuja. Kanze akafunga virago akarudi kwa kakake Baya, mtoto mgongoni.

Wazee wa Kitsao wakaja kukaa kikao. Mahari ilikuwa imelipwa yote, kwa hivyo mtoto ni wa mbari ya baba. Hilo halikuwa na mjadala, wala Kanze hakuulizwa. Kilichobaki ni lini atachukuliwa. Na kwa kuwa hakuna aliyejua vizuri mtoto ana umri gani, mzee Tsofa, ami yake Kitsao, akatoa hukumu: akae na mamake mpaka aweze kujitwika mtungi wa maji mwenyewe kutoka kisimani. Siku hiyo ataenda kwa babake. Wenziwe wakaitikia, wakala wali wa Kanze, wakaondoka.

Mimi hukumu ile ilinikera na inanikera mpaka leo. Wangeweza kusema akianza shule, au akianza kujua mema na mabaya. Lakini mtungi! Hawakuwa wanangoja mtoto akue, walingoja afae kazi.

Kanze naye akaamua kwamba mtungi mwanawe hataugusa. Alichota maji mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda shamba, akachota tena jioni akiwa hoi. Kitsao alikuja kila mwisho wa mwezi, akivuka Makupa na daraja la Nyali kwa miguu, na sukari kidogo aliyoifunga kwenye karatasi, maana siku zile sukari ilikuwa ya mgao. Sitamnyima haki yake: alimpenda yule mtoto kwa namna yake, akimpakata na kumwimbia. Ila kabla ya kuaga lazima aulize kama ameshaanza kujitwika. Mwanzoni Kanze alimjibu kwamba bado mdogo. Mtoto alipozidi kurefuka jibu hilo likawa halifai tena, akatunga jingine: shingo yake ni nyonge, alizaliwa nayo hivyo, ikibebeshwa mzigo itavunjika.

Kitsao alisadiki nusu. Nyamvula alisadiki yote. Akiitwa aligeuka mwili mzima. Mti hapandi, kamba haruki, na watoto wakambandika jina la Shingo. Jioni moja nilimkuta Kanze nyuma ya jiko analia. Aliniambia kwamba mtoto siku hizi analala ameshika shingo kwa mikono miwili. Nikamwambia basi mweleze kweli.

"Nikimweleza kweli," akasema, "nitabaki na nani?"

Nikaketi naye pale nyuma ya jiko mpaka alipojifuta machozi.

Vita vilipokwisha, masika ya mwaka uliofuata, Kanze akashikwa na homa kali. Baya alikuwa safarini. Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikawakuta Kitsao na mzee Tsofa wameketi uani kwake. Jumwa alikuwa amejifungua mapacha, na nyumba ya Changamwe ilihitaji mikono. Tsofa alilisema hilo bila haya, na mama wa watu amejikokota mpaka mlangoni, amejifunika leso, anatetemeka. Kanze akawaeleza upya habari ya shingo. Kitsao akasema labda mtoto apelekwe hospitali kwanza atazamwe. Nikaona Kanze anashusha pumzi.

Hapo Nyamvula akatokea njia ya kisimani. Alikuwa na mtungi kichwani, ule mkubwa wa mamake, maji yamemlowesha mabega, na alitembea polepole akitazama mbele. Akapiga magoti akautua bila kuupasua. Wageni hata hakuwaona, kwa furaha aliyokuwa nayo.

"Mama," akasema, "shingo haikuvunjika."

Kanze akamuuliza taratibu ni nani aliyemtuma.

"Sikutumwa. Tangu usiku wataka maji, na mtungi ulikuwa mtupu. Niliogopa, mama, lakini nikasema ikivunjika na ivunjike."

Kitsao akainamisha kichwa. Mzee Tsofa akakohoa kidogo. "Kanze, mwanangu," akasema, "tulikubaliana."

Nilitaka kumtukana mzee yule, mvi zake na yote, lakini Kanze alinitazama nikaumeza ulimi. Kitsao akainuka bila kumwangalia mtu, akaingia ndani kukusanya nguo za mtoto.

Sasa ndipo Nyamvula alipoona nyuso zetu. Akamwamkia mzee shikamoo, akarudi kusimama karibu na mlango, furaha imemtoka.

"Mama, nimekosa?"

Kanze alikuwa na haki ya kupiga kelele, ya kulaani, ya kumshika mtoto asimwachie. Lakini angefanya lolote katika hayo, mtoto angeondoka akiamini kwamba anafukuzwa kwa kumletea mamake maji. Akaomba kikombe. Nyamvula akamchotea, naye akanywa mpaka chini, kwa shida, homa inamtikisa.

"Hukukosa," akasema. "Umefanya vyema, mwanangu."

Mtoto akatabasamu tena. Babake alikuwa ameshatoka nje, kifurushi cha nguo kwapani.

"Basi kesho nitakuchotea tena," akasema Nyamvula.