Kanisa Nililoligeuza Gofu

Kwa wakwe zangu, huko Kwai, wananiita mkwe wa kamera. Nafundisha Tanga mjini, na kila likizo tunapopanda Lushoto, mke wangu hulalamika kwamba namchelewesha. Mara nimezungukia Mponde kupiga picha ya kanisa lililo juu ya mashamba ya chai, mara nimeshuka hadi Mnazi kwa ajili ya msikiti wenye mnara mfupi. Napenda picha nyeusi na nyeupe. Nikirudi nyumbani naziingiza kwenye kompyuta na kuziboresha: nayakoleza mawingu, nauchokonoa ukuta mpaka kila ufa uonekane.

Kanisa la Kwai nililipiga muda mfupi baada ya mama mkwe na kina mama wenzake kulipaka chokaa. Picha ilitoka butu, ukuta mweupe ndani ya ukungu mweupe. Nikaifanyia kazi. Nikashusha mwanga, nikaongeza chengachenga kama za picha ya kale, mbingu nikaigeuza ya tufani. Nilipomaliza, kanisa lilionekana kama limenusurika vita, nami nilijiona fundi kwelikweli. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikasema hii ni zawadi ya mama mkwe.

Nilimkabidhi Jumapili baada ya ibada. Sebule ilikuwa imejaa kina mama wa kanisa, wanakunywa chai. Nilimwamkia, akaitikia, akaifungua karatasi taratibu ili isichanike. Wenzake walishainua vichwa, tayari kwa vigelegele. Havikutoka. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kitu kwa Kishambaa. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hunitafsiria, akainamia kikombe chake.

"Baba," mama mkwe akaniuliza kwa upole, "hii uliipiga kabla hatujapaka?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kabla."

Akaitazama tena. Ndipo na mimi nikauona mlango. Ulikuwa mpya, wa mbao, na mafundi waliufunga baada ya chokaa kukauka. Ulisimama katikati ya picha, kila mtu angeweza kuuona. Mama mkwe akauweka mkono wake juu ya kioo, kama mtu anayefuta vumbi, kiganja kikaufunika mlango wote. Akawageukia wageni.

"Ni ya zamani," akasema. "Mnaona palivyokuwa?"

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa.

Wageni walipoondoka nilimfuata. Alikuwa jikoni anachambua maharage. Nilisimama nje ya kizingiti, maana mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake.

"Mama, nimekosa."

"Mlango niliuona," akasema.

"Niliiboresha. Nilitaka ipendeze."

"Impendeze nani?"

Aliuliza kwa kutaka kujua, si kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Akanieleza jinsi mvua ilivyoisomba chokaa ya kwanza wakaanza upya, na jinsi mwenzao mmoja alivyoteguka mguu akipandisha ndoo. "Tulitaka mtu akiwa kule chini barabarani apaone," akasema.

Nikaleta kompyuta, tukakaa barazani, kiti changu nikakiweka mbali kidogo na chake. Nikaanza kuondoa weusi nilioutia. Mawingu yakalegea, nyufa zikafifia, ukuta ukarudi. Kwa kutaka kufidia, nikauzidisha weupe.

"Punguza," akasema. "Tulipaka chokaa, hatukumwaga maziwa." Halafu akanyoosha kidole chini ya paa, ambapo nilikuwa nimeshafuta mstari mchafu. "Hapo parudishe. Ngazi haikufika."

Likizo iliyofuata nilileta ile picha tuliyoirekebisha. Kina mama waliigombania. Mmoja aliweka kidole juu ya kioo akasema, "Hapa nilipaka mimi," na wengine wakatafuta sehemu zao. Nilianza kupumua. Ndipo yule aliyeteguka mguu akasema picha zote mbili zitundikwe kanisani, pamoja, wageni waone palivyokuwa kabla na palivyokuwa baada. Wote wakakubali.

Nilimtazama mama mkwe. Neno moja tu lingetosha kuwaambia kweli, kutoka kwake au kutoka kwangu.

"Zitundikwe," akasema, bila kunitazama.

Tukasimama kwa sala. Aliyeomba alimshukuru Mungu kwa ajili ya mkwe huyu aliyetoka mbali, akaiona kazi ya mikono yao na kuitunza isisahaulike. Wote wakaitikia amina. Mimi nilibaki nimefumba macho. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikasema amina peke yangu, wenzangu wakiwa wameshakaa.