Mianzi Inayoonekana Barabarani

Shangazi yangu Zelpha alilima bangi katika vilima vya Westmoreland, Jamaika, tangu kabla sijazaliwa, na muda wote huo hakuwahi kuusimikia mche hata mwanzi mmoja. Mwanzi uliosimama wima, alisema, ni kidole kinachomwonyesha askari njia. Bangi yake aliificha katikati ya mbaazi, akaikata ncha ingali changa isirefuke, nayo ikatanua matawi pembeni.

Mwaka mmoja akapata leseni ya serikali ya kuilima. Redio ikatangaza kimbunga wakati maua yamejaa, mazito, bado kidogo tu yavunwe. Upepo mkali ukivuma, mche uliokatwa ncha hupasukia kwenye panda, pale matawi yanapogawanyika, na ukipasuka hapo maua huoza. Mavuno yote, ya kwanza aliyoruhusiwa kuuza mchana kweupe, yalishikiliwa na panda hizo.

"Shangazi, tusimike mianzi," nikamwambia.

"Ili helikopta ya polisi ione mistari?"

"Helikopta gani? Una karatasi ya serikali ukutani."

"Baba yako naye alikuwa na karatasi. Ya kutokea jela."

Nilikasirika. Si yeye niliyemkasirikia, bali serikali iliyochoma mashamba miaka nenda rudi, kisha ikagawa ruhusa bila hata kusema samahani, kana kwamba hofu nayo hufutwa kwa muhuri. Nikayasema hayo yote, kwa sauti.

"Umemaliza hotuba, mheshimiwa?" akauliza. "Haya, panga lile pale. Mianzi haijikati."

Tulisimika mianzi kuuzunguka kila mche, tukafunga matawi kwa vipande vya mashuka makuukuu, tukavilegeza kidogo ili tawi licheze bila kukatika. Kila mwanzi ulipozama ardhini, shangazi aliinua macho juu. Hakuwa akitazama mawingu.

Upepo ulivuma hadi alfajiri. Miche michache ilipasuka. Mbaazi zililala chini zote, na bangi ikabaki imeegemea mianzi yake, peupe, pasipo cha kuificha.

Jirani yetu Egbert akasimama barabarani na punda wake.

"Zelpha, kumbe una msitu huku? Miaka yote unaniambia mbaazi."

Shangazi alikuwa ameshika mwanzi mmoja. Nilidhani atachutama, kama alivyozoea kila aliposikia injini angani.

"Mbaazi zimekufa, Egbert," akasema. "Hii ni bangi, na ni yangu. Mfunge punda wako uje unisaidie kukaza mianzi."